Rula, uzi na kijiti: jiografia ya sekondari tukiwa Kigoma

Maneno ya walimu wa jiografia kwenye siku ya taaluma ya shule za sekondari, Kigoma Ujiji

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzetu, wazazi, na ninyi wanafunzi ambao shughuli hii ni yenu: mwakeye! Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tumepewa nafasi tuzungumzie somo la jiografia, na huenda mnategemea tuanze na umuhimu wa somo. Hapana. Umuhimu mmeshausikia tangu kidato cha kwanza, na wapo wanaoukariri namba moja mpaka saba kana kwamba ndiyo jiografia yenyewe. Tunataka kusema kile kinachoonekana wakati wa kusahihisha: mwanafunzi anaisoma jiografia kama somo la kusimulia, na hali nusu yake ni somo la kupima. Muulize athari za mmomonyoko wa udongo, atakujazia ukurasa. Mpe ramani, rula na uzi umwambie apime barabara, anaanza kumwangalia mwenzake. Kwa hiyo leo tutapima. Wazazi mtuvumilie, hesabu zipo, ila ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Ramani kwanza, maana swali la ramani halikosi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ramani tunayokutana nayo zaidi ni ya skeli ya 1:50,000. Sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Basi sentimita 2 ni kilometa 1, na ndiyo maana mistari ya gridi kwenye ramani hiyo imeachana kwa sentimita 2: kila mraba ni kilometa 1 kwa kilometa 1. Ukilishika hilo, hesabu nyingi za ramani utazifanya kichwani na fomula utaitumia kuhakiki tu.

Kosa kubwa liko kwenye kugeuza vipimo. Mwanafunzi amepima sentimita 7.4. Anazidisha kwa 50,000, anapata sentimita 370,000. Mpaka hapo yuko sawa. Kisha anagawanya kwa 1,000 kwa sababu anakumbuka kwamba kilometa ina mita 1,000, anaandika kilometa 370. Angegawanya kwa 100,000 angepata 3.7. Tusimcheke, maana kosa hili lina dawa rahisi: karatasi moja ya ramani za 1:50,000 za Tanzania hufunika dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, si ya saa), yaani kama kilometa 28 hivi kila upande. Jibu la kilometa 370 lingekupeleka karibu na Tabora kwa reli ukiwa hujatoka nje ya karatasi moja. Kabla hujapiga mstari chini ya jibu, jiulize kama linaingia ndani ya ramani uliyopewa.

Barabara au mto wenye kona hupimwa kwa uzi au kwa ukingo wa karatasi. Uzi uwe wa pamba, kwa sababu wa nailoni unavutika na unakuongezea umbali au kukupunguzia bila wewe kujua. Anza kwenye alama kamili, ubane kwa ukucha kila penye kona, ukifika mwisho tia alama ya kalamu kwenye uzi, kisha uunyooshe juu ya rula kuanzia kwenye sifuri. Rula nyingi za plastiki zina nafasi tupu kabla ya sifuri, na anayeanzia kwenye ncha ya rula ameshakosea milimita kadhaa. Milimita 4 kwenye skeli hii ni mita 200. Sisi kwa upande wetu tunapendelea ukingo wa karatasi: unaigawa barabara katika vipande vilivyonyooka, unatia alama ndogo ya penseli kila kipande kinapoishia, unaizungusha karatasi, unaendelea. Ni njia ya polepole kuliko uzi, lakini alama zinabaki, na ukitilia shaka unarudia kipande kimoja bila kuanza upya.

Eneo nalo ni kuhesabu. Miraba iliyojaa ihesabu yote. Iliyokatwa ihesabu kisha ugawanye kwa 2. Sehemu ya ziwa yenye miraba 23 iliyojaa na 14 iliyokatwa ni 23 kujumlisha 7, yaani kilometa za mraba 30. Tia nukta ya penseli ndani ya kila mraba ulioupita, la sivyo utauhesabu mara mbili.

Kutaja mahali kwa tarakimu 6: tatu za kwanza ni za kuelekea mashariki, tatu za mwisho za kuelekea kaskazini. Unaingia mlangoni kwanza, ndipo unapanda ngazi. Unasoma mstari ulio kushoto kwa kitu, unakadiria sehemu za kumi kuelekea kulia, kisha unasoma mstari ulio chini yake na kukadiria kwenda juu. Wengi hapa wanachukua mstari wa kulia kwa sababu kitu kiko karibu nao zaidi. Usifanye hivyo. Kitu kilichopita mstari 18 kwa sehemu 9 za kumi ni 189, hata kama mstari wa 19 unakaribia kukigusa.

Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zinahitaji jicho lililozoea, na hapa Kigoma hatuna kisingizio. Milima inayoshuka ziwani inaonekana madirishani. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ni tambarare. Zikijikunja kama herufi V, tazama ncha inaelekea wapi: ikielekea kwenye namba kubwa, hilo ni bonde, na mto uliomo unatiririka kinyume na ncha. Ikielekea kwenye namba ndogo, ni mgongo wa mlima. Mwanafunzi anayetaja mwelekeo wa mto kwa kudhani kwamba mito yote inakwenda chini ya karatasi hupoteza alama bure, kwa sababu kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa letu vijito vingi vinakwenda magharibi, yaani kushoto kwa karatasi.

Mteremko wenyewe ukadirie hivi. Tuseme sehemu A iko mita 780 juu ya usawa wa bahari na sehemu B iko mita 1,180, na kati yao ni sentimita 4 kwenye ramani ya 1:50,000. Tofauti ya kimo ni mita 400. Umbali wa ardhini ni mita 2,000. Mita 400 kwa 2,000 ni 1 kwa 5: kila ukitembea mita 5 umepanda mita 1. Vipimo vyote viwili viwe vya mita. Anayegawanya mita 400 kwa kilometa 2 anapata 200 na hajiulizi 200 ya nini.

Ukichora umbo la mlima kwa kuukata ubavu, utatakiwa kusema umeukuza wima mara ngapi. Kama kwenye wima umeweka sentimita 1 kwa mita 100, hiyo ni skeli ya 1:10,000. Gawanya 50,000 kwa 10,000, unapata 5. Mlima wako umechongoka mara 5 kuliko ulivyo. Ukiweka sentimita 1 kwa mita 20 unapata mara 25, na kilima cha kawaida kinasimama kama sindano. Ukipata 0.2 umegeuza mgawanyo, rudia.

Sasa tutoke kwenye karatasi twende uani, kwenye longitudo na saa. Mada hii huchukuliwa nyepesi kidato cha kwanza, halafu inawarudi watu kidato cha nne. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, basi nyuzi 15 ni saa 1 na uzi 1 ni dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Kigoma iko kama nyuzi 29 na dakika 38 mashariki. Tofauti ni nyuzi 15 na dakika 22. Zidisha kwa 4: ni saa 1 na dakika 1 na ushei. Maana yake, saa ya ukutani ikisema saa 6 mchana, jua la Kigoma bado halijafika katikati ya anga. Litafika karibu saa 7. Dar es Salaam, iliyoko nyuzi 39 na dakika 17, inatutangulia kwa dakika 38 hivi. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anatoka nyumbani gizani wakati wenzake wa Pwani wanatembea kwenye mwanga ana hoja ya kijiografia kabisa.

Jambo hili linapimika kwa kijiti. Chukua kijiti kilichonyooka cha mita 1, kisimamishe kwenye uwanja ulio sawa. Uhakikishe kimesimama wima kwa kuning'iniza jiwe kwenye uzi pembeni yake, maana kijiti kilichoinama kidogo kinaharibu kazi yote. Usisubiri kuona kivuli kifupi kabisa ndipo uandike saa: karibu na adhuhuri kivuli hubadilika urefu polepole mno, na watu watatu watakupa saa tatu. Fanya hivi. Saa 5 na nusu asubuhi hivi, tia kigingi kidogo kwenye ncha ya kivuli na uandike saa kamili. Funga uzi chini ya kijiti, uuvute mpaka kwenye kigingi, uchore duara. Baada ya hapo subiri. Kivuli kitafupika, kitaingia ndani ya duara, kisha kitarefuka tena upande wa pili. Ncha ikigusa duara tena, andika saa na utie kigingi cha pili. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri ya hapo mlipo. Kama kigingi cha kwanza kiliwekwa saa 5 na dakika 31 asubuhi na cha pili saa 8 na dakika 31 mchana, katikati ni saa 7 na dakika 1. Jua limechelewa dakika 61. Gawanya kwa 4, unapata nyuzi 15.25. Toa kwenye 45: mko nyuzi 29.75 mashariki. Ramani inasema 29.63. Kwa kijiti na uzi, hayo ni matokeo ya kujivunia.

Na ukigawanya katikati ya vigingi hivyo viwili, mstari wa kutoka kwenye kijiti hadi hapo ni kaskazini na kusini ya kweli. Weka dira ya simu kando yake muone zinaachana kiasi gani.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Moja, tarehe. Jua haliwi sawasawa na saa mwaka mzima: katikati ya Februari huchelewa kama dakika 14, na mwanzoni mwa Novemba hutangulia kama dakika 16. Tarehe ambazo tofauti hiyo haipo ni karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba. Chagueni tarehe ambayo shule yenu iko wazi. Msifanye karibu na 8 Machi wala 5 Oktoba, kwa sababu siku hizo jua linapita utosini hapa Kigoma na kivuli cha adhuhuri kinakaribia kupotea. Pili, usahihi wa saa. Dakika 4 za kosa ni uzi 1 mzima wa longitudo, yaani kilometa kama 110. Kosea kuelekea magharibi na shule yenu itakuwa imevuka ziwa, iko Kongo.

Kuna mtego mwingine mdogo kwenye maswali ya saa. Sisi tunasema saa 7 mchana, mtihani unaandika 1:00. Fanya hesabu yote kwa mtindo mmoja, ugeuze mwishoni. Wanaochanganya njiani hukosea kwa saa 6 kamili, na ukiona jibu limepotoka kwa saa 6 huna haja ya kutafuta kosa lingine.

Hali ya hewa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa vikiitazama Pwani au Nairobi, na mwanafunzi wa Ujiji anaandika kwamba kwao kuna vuli na masika. Sehemu kubwa ya Kigoma na Tabora inapata msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi Aprili na kuingia Mei, kisha kiangazi. Kaskazini mwa mkoa, kule Kakonko na Kibondo, mambo yanafanana zaidi na ukanda wa Ziwa Victoria. Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, pima mvua.

Kipimamvua cha dukani si lazima. Mnahitaji faneli, chupa ya lita 1.5 na bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, lile la duka la dawa. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli kwa ndani. Tuseme ni sentimita 10. Nusu yake ni 5. 5 mara 5 mara 3.14 ni sentimita za mraba 78.5. Mvua ikinyesha, vuta maji ya kwenye chupa kwa bomba ukihesabu mililita, zidisha kwa 10, gawanya kwa 78.5. Mililita 94 ni milimita 12 za mvua. Kwa nini hatupimi kina cha maji kwa rula ndani ya chupa? Kwa sababu chupa za maji zina mikunjo na kitako chake hakiko sawa, na zaidi ya hapo upana wa chupa si upana wa faneli. Aliyeweka rula kwenye chupa yenye faneli pana kuliko chupa ataandika mvua kubwa kuliko iliyonyesha, na daftari zima litakuwa na kosa lilelile bila yeyote kugundua.

Chupa ifukiwe nusu ardhini ili maji yasikauke kwa jua, na mdomo wa faneli uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi. Ukiwa chini zaidi, matone yanaruka kutoka kwenye udongo na kuingia ndani. Iwe mbali na kizuizi chochote angalau mara mbili ya kimo chake: mwembe wa mita 8, basi mita 16. Shule nyingi huweka kipimamvua chini ya ukingo wa bati kwa sababu ni karibu na ofisi, kisha zinashangaa mvua ilivyo nyingi. Isomwe saa 3 asubuhi kila siku, na jani likiziba faneli liandikwe. Na tafadhali, siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hamkupima weka kistari. Sifuri na kistari ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya wastani wa mwezi hauna maana tena.

Wenye kibanda cha vipimajoto mnajua kinatakiwa kiwe cheupe, chenye mapengo ya kupitisha hewa, na vipimajoto viwe kama mita 1.2 juu ya ardhi. Kitabu kinasema katika kizio cha kusini mlango uelekee kusini ili jua lisiingie ukifungua. Sawa, lakini sisi tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri liko upande wetu wa kusini, yaani linaingia kwenye mlango huohuo. Ndiyo maana katika tropiki vibanda vingine hujengwa na milango miwili. Mwenye mlango mmoja asome haraka na ajikinge kwa mwili wake.

Tukija kwenye maswali ya kueleza, ugonjwa wake ni orodha. Mwanafunzi anaandika pointi sita za neno mojamoja. Anayesahihisha anatafuta sababu iliyofungwa kwenye tokeo, hatua kwa hatua. Chukua ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi panapozidi, la pili duniani baada ya Baikal, na uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sakafu yake panapozidi kina iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kina hicho hakikuchimbwa na mto. Ukanda wa ardhi ulizama katikati ya mipasuko ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa.

Sasa swali: kwa nini samaki wote, kuanzia dagaa mpaka migebuka, wanaishi kwenye tabaka la juu tu? Jibu la orodha litasema mwanga, chakula, hewa. Jibu lenye mnyororo linakwenda hivi. Maji ya juu hupashwa na jua mwaka mzima, na maji ya vuguvugu ni mepesi kuliko ya baridi, basi yanabaki juu. Hatuna majira ya baridi kali ya kuyapoza hadi yazame, kwa hiyo ziwa halijichanganyi mpaka chini. Mabaki ya viumbe yanayodondoka chini yanaoza na kutumia oksijeni iliyopo, na hakuna kinachoirudisha. Matokeo yake, kuanzia kina cha kama mita 100 hadi 200, kutegemea sehemu ya ziwa, oksijeni hakuna na samaki hawapo. Upepo wa kusi wa miezi ya Mei hadi Septemba unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya baridi yenye virutubisho yanapanda. Umeona? Hakuna pointi sita hapo. Ni jambo moja limeelezwa mpaka likaisha.

Kwa habari ya mito ya ziwa hili, mfano ni huu. Mwaka 1871, Livingstone na Stanley wakiwa Ujiji walipanda mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini kwa swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, pengine unakwenda kuwa Nile. Waliukuta unaingia. Mwaka 1874 mvumbuzi Mwingereza Cameron akautambua mto Lukuga, upande wa magharibi, kuwa ndio unaotoa maji kwenda mto Kongo. Lukuga ndio mlango pekee, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa mvuke. Ndiyo maana mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, uso wa ziwa hupanda na fukwe za Kigoma zinamezwa.

Takwimu za watu zina somo lake hapa nyumbani. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Kigoma kuwa na watu 2,470,967. Eneo lote la mkoa ni kama kilometa za mraba 45,066. Gawanya, unapata watu 55 kwa kilometa ya mraba. Lakini kilometa za mraba kama 8,000 za eneo hilo ni maji ya ziwa. Ukigawanya kwa nchi kavu peke yake, karibu 37,037, unapata watu 67. Tofauti ni kubwa. Mkoa wa Tabora, wenye watu 3,391,679 kwa kilometa za mraba 76,150 hivi, una watu 45 hivi, na mwanafunzi makini atauliza ni kiasi gani cha eneo hilo ni hifadhi na misitu ya miombo isiyokaliwa. Wastani haukuambii watu wako wapi. Andika jibu, halafu andika ulichogawanyia.

Michoro ya duara na ya nguzo tunaipita, mnaijua: thamani gawanya kwa jumla, zidisha kwa 360. Hakikisha nyuzi zinafika 360 kabla hujashika bikari.

Utafiti wa nje. Mada hii hufundishwa ubaoni na kuishia ubaoni, wakati mwalo wa Kibirizi uko pale. Ukitaka kwenda kuhesabu mitumbwi na kuuliza juu ya dagaa, tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki, hivyo siku za mwezi mpevu vyombo vingi vinakaa ufukweni. Kundi litakaloenda siku hizo litaandika kwamba uvuvi umekufa. Tazama pia kalenda ya serikali: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na takwimu za miezi hiyo huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja na za miezi mingine bila kueleza.

Ukifika, usiwahoji waliokaa kivulini tu. Chagua kila chombo cha tano kuanzia upande mmoja wa ufukwe, mpaka umalize. Kwa heshima, jitambulishe kwa uongozi wa mwalo kabla ya kufungua daftari. Usimuulize mtu anapata shilingi ngapi. Hatakuambia, au atakuambia lisilo kweli. Muulize ndoo ngapi za dagaa alishusha asubuhi hiyo na alianika wapi, mchangani au kwenye chanja. Jibu la chanja na mchanga linakupa habari ya bei bila kutaja pesa, kwa sababu dagaa wenye mchanga huuzwa kwa bei ya chini. Maswali yasizidi kumi. Anayeparua samaki hana nusu saa ya kukupa.

Lugha tuiseme waziwazi. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na wengi mnaelewa jambo kwa Kiswahili kabla. Hilo si aibu. Mweleze mwenzako kwa Kiswahili mpaka asiwe na swali, kisha liandike kwa sentensi fupi za Kiingereza, kila sentensi ibebe sababu moja. Sentensi ndefu ya mistari minne ndiyo inayowapotezea njia.

Mwisho ni kazi. Mvua zinakaribia. Kila shule iliyopo hapa iwe na kipimamvua kabla Oktoba haijaisha. Daftari liwe na safu tano: tarehe, saa, mililita, milimita, na maelezo kama jani au faneli kuanguka. Wasomaji wawe wawili kwa zamu ya wiki moja, mmoja anavuta maji na mwingine anaandika, wasibadilishane katikati. Madaftari mengi hukatika likizo ya Desemba, na Desemba ni mwezi wa mvua. Pangeni leo majina ya wanaoishi jirani na shule, kabla hamjatawanyika. Faneli tumekuja nazo, ziko pale mezani karibu na mlango. Mwakilishi wa kila shule achukue moja na aipime kipenyo yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, maana hazilingani.

Asanteni.